Picha ya Baba Yako Akiimba Shimoni

Nyahanga, Kahama
Jumapili, alasiri

Mwanangu Minza,

Unaandikiwa barua hii na mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia stesheni ya Shinyanga mpaka Runzewe, na anayebisha aje hapa dukani tubishane. Nimezaliwa nyuma ya mapacha, ndiyo maana nikaitwa Shija, na Msukuma yeyote atakwambia mtoto wa namna hiyo si wa kuchezea. Nimekwenda vitani Burma nikarudi na vidole vyangu vyote ishirini. Nimesafiri meli moja na watu waliokuwa wakifa kwa kuhara, mimi nikanenepa mpaka sajini akaniuliza ninakula nini. Na siku shimo letu la dhahabu lilipoanguka, siku ambayo zamu ya kushuka ilikuwa yangu, mimi nilikuwa juu nimesimama kwenye jua, kamera mkononi, mzima kama ng'ombe wa mahari. Hadithi hiyo unaijua. Umeisikia tangu u mdogo, na kila mara nimeisimulia vizuri kuliko mara iliyopita.

Soma polepole. Kiswahili changu ni cha darasa la tatu na cha jeshini, na mwandiko wangu unaujua, herufi zinatawanyika kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kutojibizana na Mama Kofia, huyo Mzungu mpiga picha unayesafiri naye kesho mpaka Kongo, hata akikosea, sitaziandika. Mama yako amekuambia hayo yote tangu Ijumaa, na ya chandarua amekuambia mara nne.

Nimefunga duka mapema. Mteja wa mwisho alikuwa mchimbaji kutoka Songea, anataka picha ya kupeleka kwao waone kwamba Geita imemfaa. Nikamvalisha lile koti letu nililolipasua mgongoni ili liwaenee wanene na wembamba, mbele bwana shauri, nyuma mchimbaji. Nikamwambia akae sawa, ashike pumzi. Nikainama kwenye kamera. Yule bwana akafungua kinywa, anataka kuniuliza kitu. Mkono wangu ukakataa. Mwanangu, nimepiga picha watu wangapi, na leo mkono umekataa! Nikamwambia, "Sema kwanza, ndugu yangu, ulitaka kusema nini?"

Akasema, "Nilitaka kuuliza kama nicheke."

Basi. Nikampiga, nikamtoa, nikafunga mlango. Sasa nimekaa kwenye kile kiti cha wateja, nyuma yangu ni lile pazia la ziwa na meli nililolichora mwenyewe, meli yenye moshi unaokwenda kinyume na bendera, mpaka leo mnanicheka. Karatasi nimeiweka juu ya goti.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno yako ya jana. Ulikuja hapa, ukaitoa ukutani ile picha ya shimoni, ukaanza kuifunga kwenye kanga ya mama yako.

"Baba, Mama Kofia amekubali," ukasema. "Tukifika Runzewe tutaacha barabara twende mpaka kwenye shimo. Nitapiga picha pale pale uliposimama wewe."

"Pori tupu siku hizi," nikasema. "Utapiga picha miiba."

"Na Saidi nitamwona. Si ulisema alikuwa chini pamoja na baba Doto?"

"Saidi mzee yule? Nadhani alishakufa."

"Baba! Dereva wa lori la pamba kanywa kahawa kwake Jumatano. Anasema anachechemea lakini mdomo wake mzima."

Ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti, mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia. Hukuona kwamba nilishika meza.

Saidi hasemi uongo, Minza. Ndiyo shida yake tangu zamani. Ukimwuliza atakujibu. Kwa hiyo nimebaki na leo tu ya kumtangulia.

Unajua, kwa maana sikukuficha, kwamba aliyekuzaa ni kaka yangu Doto. Pacha wake Kulwa alikufa kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo tulikua wawili. Doto alipokufa ulikuwa na miaka saba, nikakuchukua, ukaniita Baba, maana kwetu mdogo wa baba ni baba na hakuna anayeuliza zaidi. Hilo si la kukiri. Hilo ni jambo moja nililolifanya sawasawa, na hata humo sina hakika nilikuwa nakufanyia wewe au nalipa.

Ngoja nianze mbali kidogo, usinikatize kama kawaida yako.

Kamera niliifahamu Burma. Kulikuwa na afisa mmoja anapiga picha za vita, nikamchukulia sanduku lake msituni. Mvua, ruba, na lile sanduku kichwani. Vita vilipokwisha nikarudi nyumbani na kaptula mbili na maringo ya watu ishirini. Doto alikuwa anachimba dhahabu upande ule wa Geita, kupita Runzewe, kwenye shimo la Mzungu mmoja mlevi asiyefika hapo ila siku ya kupima dhahabu. Nikamfuata. Tulikuwa wanne kwenye shimo letu, Doto, mimi, Saidi wa Ujiji na Petro kutoka Nyasa. Watatu wanashuka, mmoja anabaki juu kwenye gogo. Gogo hilo limelazwa juu ya mdomo wa shimo, lina mpini ubavuni, kamba imezungushwa juu yake; ukizungusha mpini ndoo inapanda, ukizungusha kinyume inashuka. Sheria ya gogo ni moja. Kama chini kuna mtu, mkono hautoki kwenye mpini.

Halafu akaja Bwana Subiri.

Jina lake la kwao lilitushinda. Tulimwita Subiri kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilolijua na la mwisho. Alikuwa anazunguka dunia akipiga picha za watu wanaofanya kazi chini ya ardhi, nchi baada ya nchi, na chini ya kila picha anaandika hadithi ya safari yake. Alikuja na gari, hema, na sanduku la bati lililojaa picha. Na alikuwa na ujanja wake. Akifika kwa watu haanzi kupiga. Anafungua sanduku, anawaonyesha wenzao wa mbali. Watu wakishaona wenzao, wenyewe wanataka kuingia sandukuni.

Ninakumbuka jioni ile tumekaa tunapokezana picha. Wahindi wa Ceylon wametumbukia kwenye matope mpaka kifuani wanatafuta vito. Watu wa milimani huko Amerika wanabeba madini mgongoni, wana kofia za sufu zenye masikio. Halafu ikaja moja ya wachimba makaa wa Ulaya, nyuso nyeusi tii, meno tu yanaonekana. Doto akaikaribisha kwenye taa.

"Hawa ni nani?"

"Wazungu," nikamtafsiria.

"Acha uongo."

"Wazungu kabisa, anasema. Wa kwao."

Doto akaitazama tena. "Kumbe wakichimba wanakuwa sisi!" Petro alicheka mpaka akamwaga uji. Baba yako alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa na haja ya kupandisha sauti.

Bwana Subiri akaniajiri siku hiyo hiyo kwa vile Kiingereza changu cha jeshi kilitosha kuulizia chai. Asubuhi nashika gogo au nashuka kwa zamu yangu, mchana nambebea vyombo. Akanifundisha. Nuru inatoka wapi, inaangukia wapi. Nilijifunza haraka, na hapa sijisifu, au najisifu lakini ni kweli. Wewe umerithi jicho hilo ingawa hukutoka mgongoni mwangu, mimi sijui limefikaje.

Nakuambia kosa dogo kwanza, uzoee.

Bwana Subiri alipoondoka aliniachia picha zake zilizojirudia, kama arobaini hivi. Kabla sijafungua duka hili nilizunguka nazo minadani, Shinyanga, Kahama, mpaka Geita. Watu wananipa viazi, kuku, mimi nawaonyesha dunia. "Hawa ni Wajapani, nimekula nao." Sijakanyaga Japani! "Huyu ni mfalme wa Amerika, alinipa tumbaku." Alikuwa mchimba chumvi maskini, na Amerika hawana mfalme, nilikuja kuambiwa baadaye. Basi siku moja kwenye mnada wa ng'ombe mama mmoja mtu mzima akashika picha ya mwanamke wa mbali amekaa mlangoni, macho yamevimba.

"Huyu analia nini?"

"Halii, mama. Moshi wa jikoni."

"Jiko liko wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao. Yule mama hakucheka. Akasema, "Mwanangu, umembeba mwenzangu kutoka huko kote, na hukumwuliza?" Akanirudishia picha kwa mikono miwili, kama anarudisha mtoto.

Usiku, mchana, niliwaza maneno hayo kwa siku mbili, halafu nikaendelea kama zamani. Katika sanduku langu watu wote wa dunia walikuwa wanacheka au wanaimba. Sikuwa na hata mmoja mwenye shida. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasema, "Baba, twende kwa hao watu, wana furaha." Umekwenda. Kesho unakwenda. Ukiwakuta hawachezi ngoma, usiseme umepotea njia.

Sasa shimo.

Picha aliyoitaka Bwana Subiri kwetu ilikuwa ya mtu aliye chini kabisa, anatazama juu. Tatizo giza. Balbu zake za kumulika zilikwisha Ceylon. Lakini Doto ndiye aliyemwambia jambo ambalo kila mchimbaji wa kule analijua, kwamba kuna siku chache katika mwaka, mvua za kwanza zinapoanza, jua la saa sita linasimama wima juu ya shimo na nuru yake inashuka mpaka chini. Siku nyingine zote linachungulia ukutani tu. Siku hizo chache unaona mpaka kokoto za chini zinameta. Inadumu muda mfupi sana, halafu kivuli kinafunika. Bwana Subiri aliposikia hivyo alikaa wiki tatu akingoja. Subiri, subiri. Na siku zilipofika, homa ikamwangusha. Alikuwa hemani anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Asubuhi ya siku ya mwisho ya nuru aliniita akanipa kamera.

"Wewe," akaniambia. "Unaweza."

Minza, hujui neno hilo lilivyonipanda kichwani. Mzungu aliyezunguka dunia, ameniambia naweza! Nilitoka hemani natembea kama liwali.

Zamu ya kushuka siku hiyo ilikuwa yangu. Doto alikuwa wa gogo. Nikamwendea.

"Kaka, shuka badala yangu. Mimi nikae juu na kamera."

"Ukuta unatoa jasho tangu juzi," akasema. "Mvua imeingia. Nataka tutoe ndoo tatu tu kisha tupande, kabla ya saa sita."

"Ndiyo, lakini mpaka saa sita uwe chini kidogo. Nuru."

Alinitazama. Angeweza kukataa. Alikuwa mkubwa wangu, na kwenye kazi ile nilikuwa mwanafunzi wake. Lakini alikuwa amenizoea tangu utotoni, kila nilichokitaka nilikitaka kwa kelele, na yeye alichoka kunisikia. Akanipiga kofi la mgongo. "Haya, Bwana Picha. Unipige niwe mzuri, Minza anione."

Jina lako alilitaja. Nimelificha hilo miaka yote kwa sababu sikuweza kulisema bila kusema mengine.

Wakashuka watatu. Doto chini ya mdomo wa shimo, Petro na Saidi kwenye tundu la ubavuni wanavuta mawe. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Doto akaita, "Tumemaliza! Tupandishe!"

Nikaangalia jua. Bado kidogo. Ukuta wa magharibi ulikuwa umeshaanza kung'aa, mstari wa nuru unateremka taratibu.

"Kaeni kidogo!"

"Muda gani?"

"Wa sigara moja tu!"

Petro akapaza sauti, "Shija, tumekaa huku kama kuku kwenye tenga!" Wakacheka. Nikacheka. Nikawashushia kamba, kisha nikafunga mpini wa gogo ili mikono yangu iwe huru. Niliufunga kwenye kigingi kwa fundo nililofundishwa jeshini, fundo la kuvusha mizinga mitoni, halilegei hata likivutwa na ng'ombe wanne. Nilikuwa najivunia sana fundo lile. Nilikuwa nimewafundisha kambi nzima.

Nikalala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo, kamera inatazama chini.

Nikasikia vijiwe vinadondoka. Tap, tap. Saidi akaita kitu. Mimi nikaona mstari wa nuru umefika chini, ukapita mguuni mwa Doto, ukapanda kifuani, ukamfikia usoni. Mwanangu, ilikuwa nzuri. Sitakudanganya tena leo, kwa hiyo nakuambia hilo pia, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, na nimeona mahekalu ya dhahabu Burma. Vumbi lilikuwa linaelea katikati ya nuru. Akainua uso. Akafungua kinywa.

Hiyo ndiyo picha uliyoifunga kwenye kanga.

Uliniuliza ulipokuwa na miaka minane, "Baba anaimba wimbo gani?" Nikakuimbia wimbo. Nikautunga pale pale, wa kuvuta ndoo, ukaupenda, ukauimba mpaka shuleni. Nilikusikia siku moja unaimba huku unaosha vyombo, nikatoka nje nikaenda kukaa nyuma ya choo.

Hakuwa anaimba. Alisema, "Shija, vuta!"

Nilimsikia. Hakukuwa na upepo wala kelele. Nilimsikia kama unavyonisikia mimi ninapoita jina lako kutoka mlangoni. Na niliona, kwa kile kioo cha kamera, sauti yake ikimtoka. Nikabonyeza kwanza.

Halafu ndiyo nikaitupa kamera kwenye nyasi, nikakimbilia mpini. Fundo halikufunguka. Nilitumia kucha, nilitumia meno, nilikuwa nalia na kulitukana fundo kwa Kisukuma, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sikuwa na kisu, kisu nilimpa Petro akatie utambi. Chini nikasikia mbao za kushikilia ukuta zinavunjika moja moja, bila haraka, kama mtu anavunja kuni. Kisha upepo ukatoka shimoni ukanipiga usoni. Kisha vumbi. Kisha hapakuwa na shimo.

Watu wa mashimo ya jirani walikuja mbio na majembe. Jua likielekea kutua wakamtoa Saidi, mguu umesagika, yu hai kwa sababu nguzo mbili za tundu lake zilisimama. Petro tulimpata kesho yake. Doto wa mwisho.

Na sasa chukua ile picha, uifungue, utazame kiunoni mwake. Kuna kitu kama mshipi. Nilikuambia ni mshipi wa kuchezea ngoma. Ni kamba. Kamba ya gogo langu. Alikuwa ameshajifunga, Minza, anasubiri kuvutwa. Tulipomfukua ilikuwa bado imemzunguka, na upande wa juu imekwenda moja kwa moja, haikukatika popote, mpaka kwenye gogo, mpaka kwenye lile fundo langu zuri.

Mama yako alinyoa nywele, akakaa matangani. Mimi nilisimulia. Kila aliyekuja kuhani nilimsimulia jinsi zamu ilivyokuwa yangu na jinsi bahati ilivyonitoa. Watu wanapenda hadithi ya namna hiyo kwenye msiba, inawapa kitu cha kutikisia kichwa. Kambi nzima ikaanza kuniita Mwenyebahati. Sikulikataa jina. Nilinunua nalo nafasi ya kuishi.

Bwana Subiri alipopona alisafisha filamu hemani. Akatoka na ile picha bado inachuruzika maji, macho yamemtoka. Akaniuliza kwa kidole, huyu, kinywa, anafanya nini? Alitaka maneno ya kuandika chini yake.

Ningeweza kusema. Mtu yule alikuwa mwema, angelia, nadhani, na pengine angeichana. Nikasema, "Anaimba."

Akaandika. Miezi mingi baadaye ilikuja bahasha posta ya Kahama, ndani mna ile picha na ukurasa wa kijarida cha kwao. Padri akanisomea. Mchimbaji akiimba chini ya ardhi, Tanganyika. Kila nchi ambako kijarida kile kimefika, watu wanamjua baba yako anaimba. Wanakunywa chai, wanafungua ukurasa, wanasema, tazama watu hawa walivyo na furaha. Hata wewe umetaka kazi hii kwa sababu yake. Uliniambia mwenyewe, unataka kupiga picha moja tu iliyo hai kama ile.

Mama yako nilipompa picha akaitazama mara moja. Akaigeuzia ukutani. Ni wewe uliyekuja kuigeuza ukiwa na miaka minane. Sijawahi kumwambia, lakini alilala na Doto miaka tisa, aliujua uso wake unapoimba. Mimi nadhani anajua. Ananipikia, ananisalimia, ananiita Baba Minza mbele ya watu, na ikibaki sisi wawili hatujazungumza juu ya Doto hata siku moja.

Saidi nilimfuata Runzewe mwaka wa pili. Nilikwenda kumwomba anyamaze. Alikuwa ameanza kuuza kahawa, gongo lake la kutembelea limeegeshwa ukutani.

"Karibu, Mwenyebahati," akasema. Alisema hivyo mbele ya wateja.

Nikangoja watu watoke. Nikamweleza nia yangu kwa kuzunguka zunguka, unavyonijua.

Akanimiminia kikombe. "Mimi sitatembea kijiji kwa kijiji kukutangaza. Mguu wenyewe uko wapi? Lakini yule binti akija kuniuliza babake alisema nini, nitamwambia. Nilikuwepo. Nilisikia."

"Ni mtoto, Saidi."

"Atakua. Wewe una kinywa kikubwa kuliko sisi sote. Mtangulie."

Nimekaa na kauli hiyo miaka tisa. Kila mwaka nilisema, akimaliza darasa hili. Halafu, akishaota meno ya utu uzima. Halafu, nisimharibie mitihani. Ukija kupata watoto utaona jinsi mwoga anavyokuwa na sababu nzuri nzuri.

Siandiki haya ili unisamehe, na siandiki ili uache kazi. Nenda. Mama Kofia anafanya jambo la maana, kuingia kwa wanawake jikoni ambako wanaume na kamera zao hawajawahi kukaribishwa, na bila wewe wa kumtafsiria atakuwa bubu. Kongo ikufungulie mlango, na huko mbele kunakoitwa sijui nini. Una jicho. Itafika siku nuru itakuja namna ile ile, juu ya uso wa mtu, na mtu huyo atafungua kinywa. Utajua ninayoyasema. Mkono wenyewe utataka. Sina la kukufundisha hapo ila nilivyofanya mimi.

Kaa na Saidi. Mwulize na habari nyingine za Doto, anazo nyingi kuliko mimi, maana mimi nimetumia miaka yote hii nikisimulia habari zangu. Ukifika shimoni, kama bado unataka kupiga, piga. Kigingi huenda kipo, kilikuwa mti mgumu.

Na ile picha ni yako. Usiirudishe hapa. Lakini nyuma yake kuna maandishi yangu ya penseli, yanayosema anaimba, yafute. Wewe una mwandiko mzuri. Andika: Doto, anamwita mdogo wake amvute.

Barua hii nitamkabidhi mama yako, akupe mkishapanda gari, kwa sababu macho yako siyawezi. Kesho mkiondoka nitakuja na nitafanya mzaha, nitamwambia Mama Kofia kwamba nilimfundisha Mfalme wa Burma kupika ugali. Ucheke kama kawaida, hutakuwa umesoma bado.

Nilianza kwa kujisifu bahati. Ni uongo. Sikuwa na bahati yoyote siku ile. Zamu ilikuwa yangu, nilimshusha kaka yangu badala yangu ili nipate picha, na aliponiita nilimsikia.

Ni mimi,
Shija, mdogo wake Doto